Kwetu Hakuna Jambo Hilo

Théodore alikuwa fundi cherehani wa Yeoville, mtaa wa Johannesburg, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba Mungu alimpa mikono ya kushona na mdomo wa kufumua. Suruali aliyoishona ilidumu miaka. Siri aliyoambiwa asubuhi haikuuona mchana.

Alitoka Lubumbashi akiwa kijana mwembamba mwenye nia ya kuwashonea mawaziri. Mpaka leo hajamshonea waziri yeyote. Aliyekaribia ni dereva wa ubalozi fulani, ambaye Théodore aliwahi kumpunguzia kiuno cha suruali, na habari ya dereva huyo ameisimulia mara nyingi mno hata dereva mwenyewe amekuwa akipanda cheo kila inaposimuliwa. Mara ya mwisho alikuwa tayari balozi mdogo. Célestine, mkewe, alimwonya kwamba akiendelea hivyo atajikuta amemshonea rais. Théodore alicheka kumshinda. Alipenda kujicheka mapema, kabla wengine hawajaanza, maana aliona hiyo ndiyo njia pekee ya kuchagua mahali pa kuchekwa.

Kibanda chake kilikuwa nusu ya chumba kwenye barabara ya Rockey. Nusu nyingine ilikuwa ya Selemani, kinyozi kutoka Kigoma, na katikati yao lilining'inia pazia. Mashine ya kunyolea ilinguruma upande ule, cherehani ikajibu upande huu, na wateja wakabishana kupitia kitambaa bila kuonana nyuso. Walikuja Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania, Wazimbabwe, na wenyeji pia. Kwa sababu amepima viuno vya mataifa yote hayo, Théodore alijiona mtaalamu wa mataifa. Alisema mtu akiinua mikono tu apimwe kifua, yeye ameshajua pasipoti yake. Siku moja alimpima mtu akamwambia wewe ni Mmalawi halisi. Yule mtu alikuwa wa Soweto, babu na bibi. Théodore alisema basi lazima kuna Mmalawi ambaye familia imemficha.

Wiki ile redio ilitangaza habari ya mwanamume wa vitongoji vya mashariki aliyemuua mkewe kisha akajiua. Kibanda kikageuka baraza. Mzimbabwe aliyeleta zipu alisema kwao watu hugombana, shangazi anaitwa, mambo yanakwisha. Mrundi mmoja akasema kwao mtu hununa tu, anaweza kununa mpaka mtoto akaoa. Selemani akasema nyuma ya pazia kwamba Mtanzania hukasirika polepole sana hata anasahau alichokasirikia. Kila mmoja akaliondoa jambo lile kwao na kulisogeza kwa jirani, na jirani naye akalisogeza mbele, mpaka likakosa nchi ya kukaa.

Théodore ndiye aliyefunga kikao. Alisema, "Mkongo hawezi. Mkongo anapenda maisha kupita kiasi. Akiudhika anabadilisha shati, anakwenda penye muziki."

Watu walicheka. Maneno yale yalimpendeza mwenyewe kiasi kwamba aliyarudia kwa kila aliyeingia, hata kwa msichana aliyeingia kuuliza tu kituo cha teksi kiko wapi.

Sasa, mbali na cherehani, Théodore alikuwa na cheo kimoja alichokivaa kama koti la sikukuu. Alikuwa parrain. Kwa Wakongo wa kanisani, maarusi husimamiwa na mume na mke waliowatangulia, na hao wakishasimama mbele ya madhabahu hawashuki tena. Ndoa ikiwa na homa, wao ndio wa kwanza kuitwa. Théodore na Célestine walimsimamia Jacques na Arlène. Jacques alikuwa mlinzi wa kampuni, kijana mtaratibu, mrefu, anayekaa Joubert Park kwenye ghorofa karibu na stesheni. Arlène alikuwa msusi mwenye mikono mepesi, na siku ya harusi yake nguo yote ilishonwa na parrain bure, jambo ambalo parrain alihakikisha kila mgeni amelijua kabla ya kula.

Mwezi uliopita Arlène alifunga mfuko akaondoka, akaenda kukaa mtaa wa Malvern kwa Mama Victoire, mwanamke wa kwao anayeuza samaki wakavu na wa barafu na unga wa semolina barabara ya Jules. Bahati mbaya Célestine alikuwa Lubumbashi akimuuguza mama yake, kwa hiyo kazi ya kusuluhisha ilimwangukia Théodore peke yake. Kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa sawa na kumpa mbuzi ufunguo wa bustani.

Arlène alimweleza. Alikuja kibandani, akasimama karibu na pasi, akasema kwa sauti ndogo kwamba Jacques alimwambia akiondoka, hakuna atakayemwona yeye wala mwenzake tena. Théodore alimsikiliza huku akiuma uzi. Kisha akamwambia hayo ni maneno ya mtu anayependa, aombe Mungu, na akamletea ile habari yake ya shati na muziki. Arlène alimtazama kidogo, akachukua pochi yake, akaenda zake.

Baada ya hapo Jacques akabadilika. Mwanamume aliyekuwa akipita na uso wa mawe sasa alikuwa mpole hata ukamwonea huruma. Televisheni yake alimpa jirani. Viatu vyake vizuri alimpa kijana wa zamu yake. Alizunguka kwa watu akiomba msamaha, mmoja mmoja. Alimwomba hata Selemani, kwa ugomvi wa zamani wa kichwa kilichonyolewa vibaya, ugomvi ambao Selemani mwenyewe alikuwa ameusahau. Jumapili alisimama kanisani akasema kama kuna mtu ambaye yeye amemkosea, amsamehe leo. Mchungaji aliwaambia watu watazame kazi ya Bwana. Kisha akamtaja na parrain, mtu asiyelala kwa ajili ya ndoa za watoto wake. Théodore, ambaye usiku ule alikuwa amelala kama gunia, alifuta machozi kwa kitambaa cha sampuli.

Halafu Jacques akaleta kitenge, cha buluu chenye ndege, ashonewe shati yeye na gauni mke wake, wavae sare siku ya kupatana. Alilipa yote kabla ya kazi kuanza. Alisema, "Parrain, baada ya siku hiyo hakuna atakayetutenganisha tena."

Théodore aliona maneno hayo mazuri sana hata akayaweka akiba kwa ajili ya harusi nyingine.

Desturi ilitaka mume aende mwenyewe kumchukua mke, nguo mkononi, bila kutuma mtu. Ili aende lazima ajue mahali. Basi Ijumaa, Jacques alipofuata mzigo wake, Théodore alimpa na anwani ya Malvern. Hakumpa anwani tu. Alimchorea kwa chaki kwenye meza ya kukatia: unapita robot ya pili, zile taa za barabarani, unaona duka la matairi, mlango wenye rangi ya kijani. Jacques alisema atakwenda kesho akitoka zamu, mchana. Wakapeana mikono. Théodore akampigia Arlène simu kumwandaa moyo, lakini Arlène hakupokea. Akampigia Mama Victoire, naye hakupokea. Wiki nzima alikuwa amewapigia asubuhi, mchana na jioni akiwahubiria, mpaka wote wawili wakaifungia namba yake.

Jumamosi hiyo asubuhi alikuja Serah, Mkenya, mwalimu wa chuo kikuu, kujaribu koti lake. Théodore alimpokea akiwa ndani ya suruali isiyo yake. Mwenye suruali alikuwa na umbo kama lake, na kumwita kila mara ilikuwa usumbufu, kwa hiyo Théodore alikuwa ameivaa ili aone inavyoanguka, pini zikiwa zimejaa mapajani. Alimwomba radhi. Alisema yeye ndiye fundi pekee wa Johannesburg ambaye pia ni sanamu ya dirishani, na mshahara wa sanamu bado hajaupata.

Serah alicheka, akavaa koti. Wakati anapimwa mikono, Théodore alimuuliza hapo chuoni hasa anafundisha nini, kwani siku zote hujibu anafundisha tu. Serah alisita. Akasema kwa sasa anachunguza vifo vya aina fulani: mtu anamuua mwingine, mara nyingi wa nyumbani kwake, kisha anajiua. Anakusanya habari za nchi kadhaa na kuzilinganisha.

Théodore alifurahi kama aliyeulizwa swali la mtihani alilolisomea. Akamwambia basi amefika kwenye mgodi wenyewe, achukue kalamu. Akaanza na Mrundi anayenuna, akapita kwa shangazi wa Zimbabwe, akamalizia na Mkongo, shati lake na muziki wake.

Serah alimwacha amalize. Kisha akasema, "Fundi, kila nchi niliyouliza nimejibiwa hivyo hivyo. Nairobi waliniambia kwetu hakuna jambo hilo, ni mambo ya Wazungu. Hapa wenyeji wananiambia ni ya wageni. Wageni wananiambia ni ya wenyeji."

Selemani alicheka nyuma ya pazia. Théodore akasema kuuliza ni kitu kimoja na kujua watu ni kitu kingine.

Serah hakubishana. Alieleza kwamba nchi zinatofautiana kweli. Mahali pengine zaidi ni wazee waliougua pamoja. Pengine mzazi anawachukua na watoto. Penye silaha nyingi majumbani au kazini, hali ni mbaya zaidi. Lakini akishaziweka bendera pembeni, mtu anayemkuta mara nyingi kuliko wengine ni mwanamume ambaye mke au mpenzi wake ameondoka, au anajiandaa kuondoka. Hatari, alisema, hupanda hapo hapo anapoondoka.

Théodore alikuwa na chaki mdomoni. Aliitoa. Akauliza mtu kama huyo unamjuaje, anafoka, anavunja vyombo?

"Wengine wanafoka," Serah alisema. "Wengine wanatulia. Anagawa vitu vyake. Anaaga watu, anaomba msamaha. Jirani wanasema jamani amekuwa mzuri."

"Kuomba msamaha si dhambi, Mwalimu."

"Si dhambi. Wengi wanaoomba msamaha wamekosa tu, basi. Lakini kama aliwahi kumtishia mke, na sasa anatafuta alikokimbilia, mimi singengoja kujua."

Mashine ya Selemani ilinyamaza. Pazia likasogea, kichwa chake kikatokea na nyuma yake kichwa kingine kilichonyolewa nusu.

"Fundi," alisema Selemani. "Jacques aliniomba msamaha mimi. Mimi, fundi."

Théodore alitazama meza ya kukatia. Chaki ilikuwa pale pale, robot, duka la matairi, mlango wa kijani. Alipomweleza Serah, maneno yalitoka kinyumenyume, kitenge kwanza, televisheni, halafu anwani, na mwishoni kabisa kwamba Jacques ni mlinzi wa wale wanaobeba bastola kazini. Serah hakumuuliza ulikuwa unafikiria nini. Théodore alishukuru, kwa sababu jibu la kweli lingekuwa sikufikiria, nilikuwa nasema.

Alipiga simu, zikakataa. Alijaribu simu ya Selemani, lakini Malvern walikuwa wameshajifunza kutopokea namba wasiyoijua, wakidhani ni parrain amekuja kwa mlango wa nyuma. Serah alikuwa na gari nje. Wakatoka mbio, yeye na koti lenye mkono mmoja, Théodore na suruali ya watu.

Ndani ya gari Serah aliwapigia polisi, akasema yote kwa Kiingereza cha darasani, polepole, na anwani mara mbili. Théodore aliitamkia anwani ile kila herufi. Aliijua vizuri mno. Kila gari lilipotikisika pini zilimchoma, na yeye alizikubali, akaona hazitoshi. Halafu akakumbuka kwamba karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa kwenye mfuko wa suruali yake mwenyewe, juu ya msumari kibandani, na polisi walikuwa njiani. Aliwaza kwa muda kwamba huenda wangeona zile pini na kumhurumia. Ukichaa huo ulimwonyesha jinsi alivyokuwa anaogopa.

Barabara ya Jules ilikuwa na watu wa Jumamosi, spika za maduka zikishindana. Jacques hakuonekana. Mama Victoire alikuwa nje ya duka akipanga samaki. Alimwona Théodore anashuka, akajishika kiuno.

Alimwambia kwa Kiswahili cha kwao, "Papa Théo, weye hauchokake? Simu tulikufungia, sasa umekuya na miguu?"

Wateja wakageuka. Théodore alitaka kumvuta pembeni, lakini Mama Victoire hakuwa mtu wa kuvutwa pembeni. Alimuuliza mbele ya watu kama leo mahubiri yana sadaka, na mbona amevaa suruali yenye miiba, ni toba? Théodore akasema yanayomhusu yeye atayasikiliza baadaye, yote, hata akitaka kumwandikia. Kisha akasema Jacques anakuja, na kwamba aliyemwambia mahali ni yeye.

Mama Victoire aliacha kucheka. Aliingia ndani. Théodore na Serah wakamfuata.

Arlène alikuwa nyuma, kwenye kiti kifupi, anamsuka binti wa jirani. Théodore alikuwa ametunga maneno njiani, marefu, yenye utangulizi. Yote yalipotea. Alisema, "Ondoka na dada huyu. Sasa hivi. Uliniambia, mimi sikusikia. Nilikuambia Mkongo hawezi."

Arlène alimalizia kusuka mstari aliokuwa ameushika, akaufunga ili usifumuke. Akainuka.

"Parrain," alisema, "mimi sikumkimbia Mkongo. Nilimkimbia Jacques."

Serah alimwambia kuna nyumba inayopokea wanawake, anawajua wanaoiendesha. Arlène akachukua mfuko wake, uliokuwa umefungwa tayari. Hata kwa Mama Victoire hakuwahi kuufungua. Walipita mlango wa uani. Théodore alitaka kuwasindikiza mpaka kwenye gari, mkono wa Serah ukamzuia kifuani. Alimwambia abaki, na asiulize wanakokwenda.

Kwa hiyo alibaki dukani na Mama Victoire, katikati ya magunia ya semolina. Mama Victoire aliwatoa wateja, akamtoa na binti wa jirani mwenye nusu ya msuko. Alitaka kuteremsha shata la mlango. Théodore pia alitaka, na hakuona aibu kusema hivyo. Lakini aliwaza kwamba akiliona limefungwa, Jacques ataanza kuzunguka mtaani kumtafuta, na gari la Serah bado lilikuwa halijafika mbali. Alimwambia Mama Victoire atoke yeye. Mama Victoire akasema duka ni lake.

Jacques alikuja kwa mguu, taratibu, amevaa shati jipya la ndege. Lilimkaa vizuri sana. Théodore alijichukia kwa kuliona hilo, na kwa kuona tena kwamba bega la kushoto lilihitaji kupunguzwa kidogo. Mkono mmoja Jacques alishika mfuko wa plastiki wenye gauni. Begani alikuwa na mkoba wa kazini.

"Parrain," alisema, akishangaa kidogo. "Umekuja kututangulia."

"Nimekuja."

"Yuko wapi?"

Théodore alikuwa mtu wa maneno. Alikuwa na maneno kwa kila harusi na kila msiba, ya akiba na ya ziada. Sasa alitafuta moja tu lenye adabu la kuliuliza jambo lile, akakuta hakuna. Akaliuliza bila adabu.

"Jacques, mwanangu. Umekuja kumuua Arlène, halafu ujiue?"

Mama Victoire alishika ukingo wa friji la samaki. Nje spika iliendelea kutangaza bei ya magodoro. Jacques hakukasirika. Alimtazama parrain usoni, akatazama pini kwenye mapaja yake, akarudi usoni.

"Nani amekuambia?" alisema.

Mtu asiye na jambo asingejibu hivyo. Théodore alijua, na Jacques naye akajua kwamba limeshatoka. Jacques akakaa juu ya gunia, gauni mapajani. Théodore alikaa kwenye gunia la pili, na pini zikamwingia, akaruka, akakaa tena upande. Katika maisha yake yote hakuwahi kutamani kuonekana mtu mzito kama saa ile, na hakuwahi kushindwa vibaya hivyo. Lakini Jacques alitoa pumzi ya mtu aliyekaribia kucheka, kisha machozi yakaanza, na yakafululiza.

Hakusema mengi. Alisema amechoka. Alisema nyumba inapiga kelele akiwa peke yake. Théodore hakumwambia aombe, na hakumwambia Mkongo anafanya nini akiudhika. Alimuuliza kile cha kazini kiko wapi. Jacques akagusa mkoba.

Théodore hakuthubutu kuunyoosha mkono. Mama Victoire ndiye aliyemwambia Jacques aushushe begani, polepole, mwana wangu, hivyo hivyo. Akaubeba kwa mikono miwili kama sufuria ya moto, akaufungia ndani ya friji la samaki, akafunga kifuniko na kukikalia. Alikaa pale amekunja mikono, mwanamke mpana, macho kwa Jacques, mpaka polisi walipofika. Baadaye Théodore alikiri kwamba katika watu wawili waliokuwa na ujasiri dukani, yeye alikuwa wa tatu.

Polisi walikuwa wawili, mmoja mwanamke. Walitoa mkoba kwenye friji, wakauliza maswali, wakasikiliza. Mwanamke yule aliongea na Jacques akiwa amechuchumaa, kwa Kizulu na Kiingereza kilichochanganyika, na Jacques akaitika kwa kichwa. Walisema watampeleka hospitali kwanza, akaonwe na daktari wa mambo ya akili. Mengine yangefuata, na yangefuata kweli. Walimuuliza Théodore karatasi zake. Alisema ziko kwenye suruali yake. Wakaitazama suruali. Akasema si hii. Mwanamke alimwangalia muda, akamwambia apande nyuma akae na mwenzake.

Hivyo ndivyo parrain wa ndoa alivyopita barabara ya Jules katika gari la polisi, futi ya kupimia shingoni, huku nusu ya kanisa ikiwa sokoni. Alijua kufikia Jumapili itasemwa amekamatwa kwa kuiba suruali. Alijua pia mchungaji atamuuliza wako wapi waliopatana, na wazee watanong'ona kwamba parrain amevunja nyumba aliyopewa kuijenga. Aliyapima maneno hayo kama anavyopima kiuno, akaona yanamtosha. Angeyavaa.

Hospitalini walikaa kwenye benchi refu. Jacques alikuwa ameegemea ukuta, shati la ndege limekunjamana. Kila mara Théodore alianza kusema kitu, akakimeza. Haikuwa rahisi, kwake kumeza neno kulikuwa kazi ya mikono. Muuguzi alikuja kuwachukulia maelezo. Alimuuliza Théodore ana uhusiano gani na mgonjwa, ni ndugu? Théodore alifikiri, akasema ni msimamizi wa ndoa. Muuguzi akauliza basi mke wa mgonjwa anapatikana wapi, wampigie.

Jacques aliinua kichwa.

Théodore aligundua kwamba hajui. Alitafuta kichwani, kwa mazoea, kama mtu anayejipapasa mifuko, na kweli hakukuta kitu: si mtaa, si robot, si rangi ya mlango. Serah alimfahamu haraka kuliko alivyopenda kufahamika. Mtu angeweza kumbembeleza mpaka kesho, kumsifu madhabahuni, kumlilia, kumletea kitenge cha buluu, na bado asingekuwa na cha kutoa.

"Sijui," alimwambia muuguzi.

"Kweli hujui, parrain?" Jacques aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Sijui, mwanangu," alisema Théodore. Akasogea kwenye benchi, kwa uangalifu kwa sababu ya zile pini, akakaa karibu naye bega kwa bega mpaka walipomwita ndani.